Mwanga Usiongoja Betri: Somo la Usiku wa Kibondo na Kasulu

Leo nitazungumzia kitu kidogo ambacho aghalabu hukumbukwa kikishakosekana. Kitu hicho ni tochi. Na si tochi ya aina yoyote, bali ile itakayowaka usiku wa balaa, wakati maduka yamefungwa, betri zimekwisha na umeme umekatika.

Sisi wa mjini tumejisahau. Umeme ukizimika tunapapasa simu, tunawasha kijitaa chake, basi tunajiona tumejikomboa. Lakini mwaka 2024 gridi ya taifa ilipata hitilafu kubwa mara mbili katika muda wa wiki tano, tarehe 1 Aprili na tarehe 4 Mei, na wenye simu zisizo na chaji walikumbuka maana ya neno giza. Wenzetu wa Unguja walionja zaidi. Waya wa chini ya bahari ulipopata hitilafu mwaka 2008, walikaa karibu mwezi mzima bila umeme, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 wakakaa miezi mitatu.

Hata hivyo, leo sitakupeleka Unguja. Nitakupeleka bara kabisa, katika nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha, huko Kibondo na Kasulu. Watu wa huko wameishi na swali hili la mwanga kwa muda mrefu kuliko sisi, na walipata mtihani wao mkubwa mwaka 1993.

Tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa katika jaribio la mapinduzi. Mauaji yakaenea nchini humo, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia Rwanda, Zaire na Tanzania. Waliokuja kwetu waliingia Kibondo, Kasulu na Ngara kwa miguu, wengine usiku, mvua za mwaka zikiwa zinaanza. Mwaka uliofuata Wanyarwanda robo milioni waliingia Ngara katika muda wa saa ishirini na nne hivi, mwishoni mwa Aprili. Mwaka 1996 vita vya Zaire vikaleta wengine, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Majina ya Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Nduta na Mtendeli yakawa ya kawaida katika taarifa za habari.

Msomaji ajiulize: katika usiku kama ule, watu walimulika kwa nini? Mama aliyepotezana na mtoto njiani alimtafuta kwa mwanga gani? Mkunga aliyepokea uja uzito uliochoshwa na safari ya siku nne alifanya kazi kwa taa ipi? Wilaya zile zilikuwa mbali na gridi ya taifa. Penye umeme palikuwa na jenereta, na jenereta hula dizeli inayosafirishwa kwa barabara ndefu ya vumbi, ambayo masika huigeuza tope.

Kwa wengi jibu lilikuwa kibatari. Fundi bati huchukua kopo tupu, likiwamo lile la mafuta ya kula ya msaada, akalikata, akalipiga, akalitia utambi wa pamba, na taa ikawa tayari. Ni kifaa cha akili, na sifa yake kubwa ni kwamba hakitaki betri. Lakini hutoa moshi unaowasha macho na kifua, mwanga wake ni hafifu, na kikipinduka ndani ya kibanda cha nyasi au turubai, moto haungoji mtu aamke.

Chemli ilikuwa afadhali kwa sababu chimni yake huzuia upepo. Karabai ilikuwa bora zaidi, na watu wa Kigoma wanaijua vizuri kwa kuwa wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika waliitumia miaka mingi kuwavuta samaki usiku. Vyote hivyo, hata hivyo, vinaishi kwa mafuta ya taa, na mafuta nayo huadimika. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2011, Serikali ilipopandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Nia ilikuwa njema, lakini mzigo ulimwangukia mwenye kibatari.

Sasa tuje kwenye tochi yenyewe, ambayo Kiswahili sanifu huiita kurunzi. Hiki si kifaa cha kale kama tunavyodhani. Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza betri yake mwaka 1866, ikiwa na maji ya chumvi ndani ya chupa. Mwaka 1886 Mjerumani Carl Gassner akapata hati ya betri kavu, inayoweza kulazwa bila kumwagika. Tochi ya mkononi ilipata hataza Marekani mwaka 1899. Betri za wakati ule zilikuwa dhaifu mno. Mtu aliwasha kidogo, akazima, akaipumzisha, ndiyo maana Wamarekani waliipa jina lenye maana ya mwanga wa kumweka tu.

Hapa kwetu betri ikawa mali ya nyumbani mwaka 1966, Wajapani wa Matsushita walipoanzisha kiwanda chao Dar es Salaam. Betri zenye jina la National zikaingia katika redio na tochi za vijijini, na sisi wa redio tunazidai shukrani, kwani bila betri hizo taarifa ya habari isingefika Heru Juu wala Kakonko.

Baadaye ikaja miaka ya dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, maduka yalikauka. Sabuni, sukari, khanga na betri vikawa vitu vya kupanga foleni, na vingine vya kupatikana kwa kujuana. Ndipo kila nyumba ilipojifunza kuanika betri juani. Wengine waliziuma kwa meno, wengine walizipasha kando ya jiko. Haukuwa ushirikina. Joto huharakisha kidogo kazi ya kemikali iliyobakia ndani, na betri iliyochoka hupata nguvu ya muda. Lakini ni nguvu ya mgonjwa anayekaribia kukata roho. Kopo la zinki huendelea kuliwa, majimaji huvuja, na tochi nzima huoza kwa kutu.

Je, kulikuwa na mwanga usiotaka betri wala mafuta? Naam, ulikuwapo, tena ukipita mbele ya macho ya kila mtu wa Kibondo na Kasulu. Ni taa ya baiskeli. Ile chupa ndogo inayosuguliwa na tairi, tunayoiita dainamo, ni mtambo kamili wa umeme, kwa kawaida wa volti 6 na wati 3. Ndani yake sumaku huzunguka karibu na nyaya, na umeme hutoka. Siri hiyo aliigundua Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831, na mabwawa yetu ya Kidatu na Mtera hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Ukiipindua baiskeli miguu juu na kijana akazungusha pedali kwa mkono, mgonjwa atahudumiwa. Kasoro yake ni moja: kijana akichoka, giza linarudi.

Wenzetu wa Ulaya nao walifundishwa na shida. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Uholanzi ikiwa chini ya Wajerumani, betri zilikuwa adimu na taa za mitaani zilizimwa kwa kuhofia ndege za vita. Kampuni ya Philips ikatengeneza tochi ya kubana kwa kiganja. Ukibana, dainamo ndogo inazunguka na taa inawaka, na ukiachia inazimika. Kwa mlio wake Waholanzi waliiita knijpkat, yaani paka wa kubana. Haikuwa na betri wala mafuta, ila kiganja cha mwenyewe.

Nusu karne baadaye Mwingereza Trevor Baylis alitazama kipindi cha televisheni kilichoeleza jinsi habari za ukimwi zilivyoshindwa kuwafikia Waafrika wengi kwa kukosa betri za redio. Hiyo ilikuwa mwaka 1991. Akabuni redio ya kujaza kama saa ya ukutani: unazungusha mkono kwa nusu dakika hivi, springi inajikaza, kisha inajifungua taratibu na kuzungusha dainamo kwa takriban nusu saa. Mwaka 1994 BBC waliionyesha, na mwaka 1995 kiwanda kilianza Cape Town. Tochi za namna hiyo zikafuata. Mwaka huo huo wa 1995 Radio Kwizera ilianzishwa Ngara na shirika la Wajesuti la kuwahudumia wakimbizi, ikizungumza na watu ambao kila betri kwao ilikuwa na bei ya chakula.

Kilichobadilisha mambo kabisa ni taa za LED. Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura walifanikiwa kupata LED yenye mwanga wa buluu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikawezekana kutengeneza nyeupe, na mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel. Balbu ya zamani iligeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. LED hutumia umeme kidogo sana, kwa hiyo nguvu ya mkono au ya kipande kidogo cha sola ikaanza kutosha.

Lakini ndugu msomaji, penye asali hapakosi nyuki. Nikiwa mwanafunzi wa uandishi wa habari, nilinunua kwenye kibanda kimoja tochi ya kutikisa. Muuzaji aliniambia haina betri, tikisa tu. Nikatikisa kwa fahari miezi kadhaa, kisha ikafifia, na nilipotikisa mpaka bega likauma haikurudi. Nilipoifungua nikakuta betri mbili za vidonge kama za saa zimefichwa, na ile niliyodhani ni sumaku ilikuwa kipande cha chuma kitupu. Nilikuwa nikijitikisa mwenyewe. Na sikuwa peke yangu, maana watafiti walioangalia soko la tochi za LED nchini Kenya karibu na mwaka 2009 walikuta watumiaji wengi wakilalamikia tochi zinazokufa mapema, wengine wakikata tamaa na teknolojia yenyewe.

Kwa hiyo tuchague vipi? Kwanza, tujue neno "haina betri" lina maana mbili. Tochi ya kubana ya kweli haihifadhi chochote: inadumu miaka kabatini, lakini inafunga mkono mmoja. Tochi ya kuzungusha mkono wa pembeni huwa na betri ndogo ya kuchajiwa ndani yake, na betri hiyo ikiachwa mwaka mzima bila chaji hufa. Mwenye nayo aizungushe angalau mara moja kwa mwezi. Ya kutikisa, isogezee sindano: kama sumaku ni ya kweli, sindano itarukia.

Pili, tujiulize ni nani atakayeitumia na kwa kazi gani. Mkunga anahitaji mikono yote miwili. Tochi ya kubana, iwe imara namna gani, haimfai akiwa peke yake. Daktari Laura Stachel wa Marekani aliliona hilo mwaka 2008 katika hospitali moja kaskazini mwa Nigeria, ambako upasuaji wa wazazi ulikwama kwa giza, na ndipo lilipozaliwa sanduku la sola la vyumba vya kujifungulia. Kigoma yenyewe, kuanzia mwaka 2006, vituo vya afya viliongezewa uwezo wa kufanya upasuaji wa uzazi kwa msaada wa taasisi ya Bloomberg. Upasuaji haungoji kupambazuke.

Tatu, taa ya sola ni nzuri, ila Kasulu wakati wa mawingu ya masika haitajaa kama ilivyojaa Julai. Anayeitegemea peke yake amejifunga kwa jua.

Na nne, mwanga ni ulinzi. Mwaka 2000 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Burundi walioshambuliwa katika kambi zetu za Kigoma, wengine wakiwa wanatafuta kuni. Tochi haikomeshi uovu wa namna hiyo, hilo ni la sheria na polisi. Lakini mwanamke anayekwenda chooni usiku katika kambi yenye maelfu ya watu ana haki ya kuona aliye mbele yake.

Wakimbizi wa 1993 wengi walirudi kwao, na Mtabila ikafungwa mwishoni mwa 2012. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, Nyarugusu ikafurika, na Nduta ikafunguliwa upya. Mwaka 2022 umeme wa gridi nao ukafika Kibondo na Kasulu kupitia Nyakanazi. Ni maendeleo ya kushangilia. Lakini gridi hiyo ndiyo ile ile iliyozimika mara mbili mwaka 2024, na wahenga walituambia usiache mbachao kwa msala upitao.

Ushauri wangu basi ni huu. Kila nyumba iwe na taa mbili zisizotegemea duka: moja ya nguvu ya mkono, moja ya jua. Zitundikwe kwenye msumari ule ule kila siku, mahali ambapo hata mtoto atapafikia gizani. Na mwenye dainamo ya baiskeli asiiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Usiku ule wa Oktoba 1993 haukumpigia mtu hodi, na wa mwingine utakaokuja hautapiga.

Tahadhari kabla ya hatari. Tukutane wiki ijayo.