Bakora ya St Andrews: Kuvitambua Viwanja Mashuhuri vya Gofu kwa Picha za Angani

Mtu akipewa picha ya Old Course ya St Andrews, Scotland, iliyopigwa kutoka juu kabisa, cha kwanza anachokiona ni bakora. Fimbo yake inaanzia penye nyumba za mawe za mji, inakwenda kaskazini-magharibi sambamba na ufuko, kisha karibu na mlango wa mto Eden inajikunja kama mpini. Wachezaji huenda kwa upande mmoja wa fimbo hiyo na kurudi kwa upande wa pili. Ukanda wenyewe ni mwembamba, kwa hiyo wanaokwenda na wanaorudi hulazimika kushiriki mahali pa kumalizia: grini saba, yaani zile sehemu za nyasi laini zenye bendera, ni pana mno na kila moja inahudumia mashimo mawili. Ukijumlisha namba za mashimo yanayoshiriki grini moja, jawabu daima ni 18: la 2 na la 16, la 3 na la 15, mpaka la 8 na la 10. Shimo la 1, la 9, la 17 na la 18 tu ndiyo yenye grini zao peke yao.

Hakuna msanifu aliyeichora bakora hiyo. Ilifinyangwa na upepo, kondoo, mpaka wa mji na miguu ya watu kwa karne kadhaa. Mwaka 1764 mashimo manne mafupi ya mwanzo yaliunganishwa yakawa mawili, na kwa kuwa yalichezwa kwenda na kurudi, jumla ilishuka kutoka 22 hadi 18, idadi ambayo dunia nzima iliiga baadaye. Nimeanza hapa kwa sababu hoja yangu imelala humo. Wengi wanaojaribu kuvitambua viwanja mashuhuri kwa picha za angani huanza na mapambo: umbo la bunka, yaani vibonde vya mchanga vya kumtega mchezaji, weupe wa mchanga wenyewe, ziwa, safu za miti. Nadai kwamba huo ndio ushahidi dhaifu kuliko wote. Kinachokitambulisha kiwanja ni mpitio wake, yaani namna mashimo yalivyojipanga juu ya ardhi, pamoja na vitu ambavyo gofu haikuvichagua: kijito, reli, ufuko, mpaka wa shamba la jirani.

Augusta National, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, ndio mfano mgumu zaidi kwa anayeamini mapambo. Kilifunguliwa mwaka 1933 kwenye ardhi iliyokuwa bustani ya miche ya Fruitland Nurseries, wasanifu wakiwa Bobby Jones na Alister MacKenzie. Leo watazamaji wa televisheni wanakijua kwa mchanga wake mweupe pepe. Lakini mchanga huo ni mabaki ya uchimbaji wa madini huko Spruce Pine, North Carolina. Haukuwapo mwanzoni, na viwanja vingine pia vinautumia. Bunka zenyewe zilikuwa 22 tu kiwanja kilipofunguliwa, na nyingi tuzionazo sasa ziliongezwa baadaye. Shimo la 16 tunalolijua, lenye bwawa, ni la mwaka 1947. Mwaka 1937 msanifu Perry Maxwell aliihamisha grini ya shimo la 10 na kuisogeza nyuma, mlimani. Bunka kubwa ya MacKenzie iliyokuwa ikiilinda ikaachwa katikati ya njia, mbali na grini yoyote. Mtu asiyeijua habari hii akiiona bunka hiyo katika picha atadhani ni kosa la msanifu. Aijuaye ataitumia kuipa picha tarehe: grini ikiwa kando ya bunka, picha ni ya kabla ya 1937; ikiwa mbali nayo, ni ya baadaye.

Hata namba za mashimo hazisaidii. Katika mashindano ya kwanza ya mwaka 1934, mashimo tisa yanayoitwa ya kwanza leo yalichezwa mwisho, kisha yakabadilishwa. Picha haina habari na hilo, wala haijui mchezaji anaelekea wapi. St Andrews nayo ilichezwa kwa pande zote mbili katika karne ya 19, na ndiyo maana baadhi ya bunka zake hazionekani na mchezaji wa leo anayesimama mahali pa kuanzia: zilikuwa zikimkabili aliyetoka upande wa pili. Kilichobaki kilekile Augusta ni mteremko kutoka jengo la klabu hadi bondeni, na Rae's Creek inayopita mbele ya grini ya shimo la 12, huku njia ya shimo la 13 ikijikunja kufuata kijito kinachomwaga maji humo. Kona hiyo ya maji na kichaka ndiyo sahihi ya Augusta. Anayeitafuta kwanza hapotei, picha iwe ya zama zozote.

Lakini mteremko nilioutaja hauonekani katika picha ya wima. Shimo la 10 linashuka karibu mita 30 kutoka mwanzo hadi mwisho, na picha inalilaza bapa kama mkeka. Msomaji wa picha za angani hana budi kuvitegemea vivuli. Jua la asubuhi au la jioni huchora kila kichuguu, na kifusi kisichoonekana saa sita mchana hujitokeza kikiwa na ukingo mweusi. Kivuli pia ni dira. Scotland na Marekani bara kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima, hivyo picha isiyo na alama yoyote inaweza kugeuzwa mpaka ikae sawa na ramani. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi na ayaache mazoea yake hapa, kwa maana karibu na ikweta kivuli cha adhuhuri hubadili upande kufuatana na majira. Kuna pia picha za mshazari, zinazopigwa ndege ikiwa pembeni. Hizo hurudisha umbo la vilima, lakini hupotosha vipimo, na njia iliyo mbali huonekana fupi kuliko ilivyo.

Pingamizi kubwa la hoja yangu ni MacKenzie mwenyewe. Alikuwa daktari. Katika vita vya Makaburu aliona jinsi wapiganaji wa Kiburu walivyoyaficha mahandaki yao ardhini, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia akashughulika na ufundi huo wa kuficha. Aliuhamishia kwenye gofu: kingo za bunka zake zimekatikakatika na zina vidole na ghuba, ili mchanga uonekane umeletwa na upepo. Lakini aliyekusudiwa kudanganywa ni mtu aliyesimama chini. Kutoka angani zile kingo zinajitangaza, na mwenye jicho zoefu anaweza kusema, bila ya kuambiwa, kwamba huu ni mkono wa MacKenzie. Nakubali. Ila mkono unatuambia nani, hautuambii wapi. MacKenzie alifanya kazi Cypress Point huko California, Royal Melbourne huko Australia, na Augusta. Zaidi ya hayo, kingo hizo ndizo sehemu inayokufa upesi kuliko zote. Mvua inazibomoa, mashine za kukata nyasi zinazinyoosha, na fundi anayezitengeneza upya anazichora kwa mkono wake.

Miti nayo haitegemeki zaidi. Oakmont, karibu na Pittsburgh, ilijengwa na Henry Fownes mwaka 1903 mahali peupe. Baadaye ilipandwa miti mingi sana, na kuanzia miaka ya 1990 miti hiyo ikakatwa kwa maelfu ili uwazi wa awali urudi. Anayelinganisha picha ya katikati na picha ya mwisho ataapa kwamba ni viwanja viwili tofauti. Kweli, kati ya shimo la 3 na la 4 kuna bunka ndefu yenye matuta ya nyasi yaliyopangwa kama mabenchi ya kanisani, na jina lake, Church Pews, limetokana na hayo. Pambo hilo karibu linajitosheleza. Hata hivyo, nilichokiona cha uhakika zaidi katika kila picha ya karibuni ni barabara kuu ya Pennsylvania Turnpike inayokipasua kiwanja, ikiyatenga mashimo kuanzia la 2 hadi la 8 upande wake. Hakuna fundi wa gofu atakayeihamisha.

Vivyo hivyo Turnberry, kwenye pwani ya magharibi ya Scotland, hujulikana kwa njia za kurukia ndege za Vita vya Pili ambazo bado zimelala pale. Muirfield, mashariki, inatambulika kwa mpitio mtupu: tangu Harry Colt alipoupanga upya katika miaka ya 1920, mashimo tisa ya kwanza yanazunguka nje kwa mwendo wa akrabu za saa, na tisa ya mwisho yanazunguka ndani kinyume chake.

TPC Sawgrass ya Florida, iliyofunguliwa mwaka 1980, huonekana rahisi kupita kiasi, kwa sababu ya grini ya shimo la 17 iliyozungukwa na maji. Lakini grini za kisiwa zimeigwa kote, na anayezitegemea peke yake atakosea. La kutazama ni jinsi maji yalivyopatikana. Pete Dye alikuwa akijenga kwenye kinamasi, akachimba mchanga mzuri uliokuwa mahali hapo ili kuinua sehemu nyingine za kiwanja, mpaka likabaki shimo kubwa. Mkewe, Alice Dye, ndiye aliyependekeza liachwe liwe ziwa na grini ikae katikati. Ziwa lile ni alama ya uhaba wa ardhi kavu, na mabwawa yaliyotapakaa pande zote za kiwanja yanaisimulia habari hiyohiyo.

Picha hizi zimefikaje kwetu? Zile za kale kwa kawaida hazikupigwa kwa ajili ya gofu. Serikali ya Marekani ilipiga picha za mashamba kutoka angani katika miaka ya 1930 ili kupima ekari zilizolimwa. Kampuni ya Aerofilms ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1919, iliuza picha za miji, viwanda na majumba. Huko Philadelphia, Victor Dallin, rubani wa Vita vya Kwanza, aliendesha kampuni ambayo hazina yake sasa imehifadhiwa katika maktaba na makumbusho ya Hagley, Delaware. Kamera ilichukua kila kilichokuwa chini, na viwanja vikaingia humo pamoja na mazizi, maghala na vituo vya reli.

Thamani ya bahati hiyo ilidhihirika Pinehurst, North Carolina. Kiwanja namba 2 cha Donald Ross kilikuwa na grini za mchanga mpaka katikati ya miaka ya 1930. Wachezaji wa viwanja vya bara huku kwetu, waliozoea kupangusa brauni, yaani grini ya mchanga, kabla ya kupiga mpira wa mwisho, watalielewa jambo hilo haraka kuliko Wamarekani wa leo. Ross aliishi hapo hadi kifo chake mwaka 1948. Baada yake nyasi zilienezwa kila mahali, njia zikanyooshwa, na mchanga wa asili ukafunikwa. Bill Coore na Ben Crenshaw walipopewa kazi ya kukirudisha mwaka 2010, waliongozwa na picha za angani za mwaka 1943. Ndani yake njia zilikuwa pana zenye kingo za ovyoovyo, na nje yake ni mchanga na majani makavu.

Picha hizo peke yake zisingetosha. Kilichozithibitisha kilikuwa ardhini: bomba la zamani la kumwagilia maji, lililopita katikati ya kila njia. Bomba lilionyesha njia ilipokuwa, na umbali ambao maji yalifika ulionyesha nyasi zilipokomea. Vinyunyizio vikapunguzwa kutoka takriban 1,150 hadi 450. Mwaka 2014 mashindano ya US Open ya wanaume na ya wanawake yalichezwa hapo kwa wiki mbili mfululizo, na aliyetazama kutoka angani aliona kiwanja cha rangi ya udongo chenye ukanda wa kijani katikati. Nausisitiza mfano huu kwa sababu unaonyesha namna ushahidi unavyopaswa kufanya kazi: picha inatoa dai, ardhi inalithibitisha au inalikataa. Anayetambua kiwanja kwa picha bila kuiuliza ardhi anakisia tu, hata akipatia.

Kipo kiwanja kimoja kinachoijaribu hoja hii kuliko vyote. Lido, kwenye Long Island, New York, kilisanifiwa na Charles Blair Macdonald katika miaka ya 1910 juu ya kinamasi. Ardhi yake haikuwapo. Mchanga ulifyonzwa kutoka mkondo wa bahari na kumwagwa hapo mpaka vilima vikapatikana. Shimo lake la 18 lilitokana na mchoro ambao MacKenzie, akiwa bado hajavuma, alishinda nao shindano la jarida la Country Life mwaka 1914. Jeshi la majini la Marekani lilikichukua wakati wa Vita vya Pili, na kiwanja kikatoweka. Miongo mingi baadaye Peter Flory, mshauri wa fedha wa Chicago, alikijenga upya ndani ya kompyuta kwa kutumia picha za kale, za angani na za chini, na mwaka 2023 nakala yake, iliyosimamiwa na Tom Doak, ilifunguliwa Sand Valley, Wisconsin.

Wapo watakaosema kwamba Lido inaiangusha hoja yangu, kwa kuwa umbo limehama na ardhi yake na bado linatambulika. Mimi nasoma kinyume. Weka mezani picha mbili za wima, moja ya Long Island ya miaka ya 1920 na moja ya Wisconsin ya leo. Njia, grini na bunka zitalingana, na anayetazama mapambo hatakuwa na namna ya kuzitofautisha. Kisha tazama pembeni. Katika ya kwanza, upande wa kusini, kuna mstari mweupe wa mawimbi ya Atlantiki. Katika ya pili kuna misonobari.