Kiungulia baada ya kukatwa sehemu ya tumbo: Chanzo chake na namna ya kukizuia

MGONJWA aliyeondolewa sehemu ya mfuko wa chakula, iwe kwa saratani au kwa vidonda sugu, hutarajia kuwa mateso yamekwisha. Baadhi yao, hata hivyo, huanza kusumbuliwa na kiungulia, na usiku huamka wakiwa na maji machungu kinywani. Hukimbilia duka la dawa kununua vidonge vya kupunguza tindikali, na wakati mwingine vidonge hivyo havifui dafu.

Sababu ni kwamba kinachopanda si lazima kiwe tindikali. Mfuko wa chakula una milango miwili ya misuli. Wa juu huzuia chakula kurudi kwenye umio. Wa chini hukipitisha kidogo kidogo kwenda utumbo mwembamba, na huizuia nyongo isirudi. Anayekatwa sehemu ya chini hupoteza mlango huo, nyongo ikapata njia. Anayekatwa sehemu ya juu hubaki bila kizuizi cha tindikali. Hivyo, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mgonjwa amuulize daktari ni sehemu ipi iliyoondolewa na utumbo umeunganishwa vipi. Wengi hutoka hospitali bila kuliuliza swali hilo.

Kinga yenyewe huanzia chumba cha upasuaji. Theodor Billroth, aliyefanikisha upasuaji huo mjini Vienna mwaka 1881, aliunganisha sehemu iliyobaki moja kwa moja na mwanzo wa utumbo mwembamba. Njia hiyo ingali ikitumika, ila huiacha nyongo karibu mno. Njia yenye jina la Mswisi César Roux huunganisha utumbo kwa umbo la herufi Y, nyongo ikaingia kiasi cha sentimita 40 hadi 60 chini zaidi.

Nyumbani, milo mitatu mikubwa igawanywe kuwa mitano au sita midogo, na wa mwisho uliwe angalau saa mbili hadi tatu kabla ya kulala. Vyakula vya mafuta mengi, kahawa, pombe na sigara viepukwe, na mkanda usibane. Kitanda nacho kina kazi yake: matendegu ya upande wa kichwani yainuliwe sentimita 15 hadi 20 kwa matofali au vipande vya mbao. Kurundika mito hakusaidii sana, kwani mwili hupinda kiunoni na tumbo likabanwa.

Omeprazole husaidia pale ambapo tindikali ndiyo chanzo. Kwa nyongo, daktari huweza kuandika dawa za kuinasa au za kufunika ukuta wa ndani, na zikishindwa, upasuaji wa pili wa kubadili maungio hufikiriwa.

Anayeshindwa kumeza, anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami au anayezidi kukonda asisubiri tarehe yake ya kliniki.