«Kwenu ni wapi?» Wazee wa mji wa shaba na misaada yao

Kuna swali moja ambalo kila mzee wa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi ameulizwa, na ameulizwa mara mingi: «Papa, kwenu ni wapi?» Karani wa biro analiuliza, muganga wa zamu analiuliza, sista anayepokea wazee analiuliza, na hata kijana wa komini anayeandika majina ya watakaogawiwa bunga. Kwa yule anayeuliza ni neno dogo la kujaza karatasi. Kwa mzee ni sawa na kuambiwa: hapa si kwako.

Mimi mwenyewe nilimsindikiza siku moja jirani yetu, mzee wa komini ya Kenya, mbele ya dirisha la biro moja. Kijana akamuuliza: «Papa, mugini yenu ni gani?» Mzee akajibu: «Mi balinizala mu kampu. Papa yangu ndiye alitokaka Kasai, mi sijue kule.» Kijana akaandika «Kasai», akasema dosie itaulizwa kwanza kule. Tukarudi nyumbani mikono mitupu. Simulizi hili si la kumsemea vibaya yule kijana. Karatasi yake ilikuwa na mstari, naye aliujaza. Ninalotaka kueleza ni mstari ule ulitoka wapi.

Ulitoka mbali. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, mji wa Élisabethville ukazaliwa 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa hapa 1911. Wenye inchi, Wasanga, Walamba na wengine, hawakutosha kwa kazi ile, na wengi wao waliona afazali kulima na kuuza chakula kuliko kuingia katika shimo. Basi Bourse du Travail du Katanga, iliyoanzishwa vilevile 1910, ilitafuta watu mbali. Walitoka Luapula na Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, walitoka Nyasaland, Angola, Lomami na Kasai. Tangu 1925 mpaka 1930 wengine waliletwa kutoka Ruanda-Urundi. Hivi ndivyo mji wetu ulivyopata wazee wake wa kesho, kabila juu ya kabila, na Kiswahili kikawa luga ya kusikilizana kati yao.

Lakini watu wale walihesabiwa kama wapita njia. Mwanzoni kontra ilikuwa ya miezi tu. Kufika mwisho wa miaka ya 1920 kampani ilibadilisha siasa yake, kwa sababu watu walikufa na kutoroka mingi, na kutafuta wapya kila mara kulikula feza. Ikaanza kontra za miaka mitatu, mwanaume akaruhusiwa kuja na bibi yake, watoto wakazaliwa kampuni, wakasomeshwa, wakakua kwa posho ya kampani. Kila kitu kilifikiriwa: maziwa ya mtoto muchanga, kupima mama mwenye mimba, bustani, mupira. Uzee peke yake haukuwa na pahali. Nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi ikiisha, nyumba inaisha. Mzee alipewa njia ya kurudi «kwao», na huko jamaa wangemlisha. Wazungu walisema hiyo ndiyo mila ya Mwafrika. Mila ilikuwa kweli, lakini mtu haoni shida kutambua kwamba mila ile ilipunguza sana garama ya kampani.

Inje ya makampu mambo hayakuwa tofauti sana. Centre extra-coutumier ya Élisabethville iliundwa 1932, na jina lenyewe linasema yote: pahali pa watu walio inje ya mila zao. Kukaa mule kulihitaji ruhusa, na mutu asiye na kazi aliweza kurudishwa alikotoka. Komini kama Katuba na Ruashi zilikuja kujengwa katika miaka ya 1950, na ndipo wazee wengi walipopata kiwanja na ukuta wao wenyewe. Hao ndio wa kwanza kuzeeka katika mji bila kuficha.

Pansiyo ilikuja 1956, miaka minne mbele ya uhuru. Halafu 1961 Leta mpya ikaunda Institut National de Sécurité Sociale, ambayo watu wote waliiita INSS, na ambayo tangu 2018 inaitwa Caisse Nationale de Sécurité Sociale. Ilikuwa hatua kubwa, nani anaweza kukataa? Lakini pansiyo ilimjua mutu mwenye kontra na buku ya kazi, na tena mwanaume. Hapo ndipo watu wa aina mbili walibaki inje, na juu ya hao nataka kukaa kidogo.

Wa kwanza ni watu wa kazi za nyumbani: maboyi, wapishi, walinzi, wafua nguo. Walipika na kulea watoto wa wazungu miaka makumi mawili, makumi matatu. Mwaka 1960 mabwana wengi walifunga masanduku kwa haraka, na barua ya kushuhudia kazi ya mutu haikuwa kitu cha kwanza kukumbukwa. Sasa angalia jambo walilolifanya. Mwaka 1965 chama cha wazee hao wa Élisabethville kilitoa kitabu kidogo kilichopigwa kwa mashine, Vocabulaire ya mji wa Élisabethville, ambacho André Yav alikikusanya. Hakikuandikwa kwa Kifaransa wala kwa luga ya kabila moja, lakini kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga, namna watu wanavyosema. Kinasimulia habari ya inchi na ya mji kama walivyoiona wale waliosimama nyuma ya kiti cha bwana. Johannes Fabian alikitoa tena mwaka 1990 pamoja na maelezo, na leo wasomi wa inchi nyingi wanakijua kuliko sisi. Kwangu mimi kitabu kile ni zaidi ya historia. Ni wazee wa kabila mbalimbali waliojiunga kwa sababu ya kazi waliyoifanya pamoja, wala si kwa sababu ya mugini. Wao walijibu «kwenu ni wapi» kwa namna yao: kwetu ni katika kazi hii, katika mji huu.

Wa pili ni wajane. Mama aliolewa kwa mila, mahari ikatolewa, wazazi wa pande mbili wakala na kunywa, na makampu yote yalimjua kuwa bibi ya fulani. Bwana akifa, biro inadai karatasi ya ndoa. Sheria ya jamaa ya 1987 inataka ndoa ya mila iandikwe mbele ya Leta, na ni vema, lakini mama aliyeolewa 1950 ao 1960 hakuandikwa. Akienda kutafuta wa kushuhudia, anaambiwa washuhuda watoke kwa jamaa ya bwana, na jamaa wenyewe wako Kongolo ao Kapanga, ao ndio hao waliomnyanganya nyumba siku ya kilio. Majirani waliokaa naye ukuta kwa ukuta miaka arobaini hawaulizwi. Nimeona wamama wakiacha haki yao kwa sababu ya feza ya safari tu.

Basi ni nani aliyewasaidia hao? Tuseme kweli: vyama vya kabila, likelemba na kanisa. Chama cha watu wa kwenu ndicho kilicholeta sanduku, makaa na unga siku ya kilio, ndicho kilichomchangia mgonjwa. Bila vyama hivyo wazee wengi wangezikwa kama mbwa. Lakini chama cha kabila kinamjua mutu wa kabila. Mjukuu wa mutu aliyeletwa kutoka Ruanda-Urundi 1927, mzee ambaye baba alikuwa Mulozi na mama Musanga, mama wa Angola asiye na ndugu, hao walibaki kati ya viti viwili. Tena miaka ya 1992 na 1993 ilituonyesha hatari ya kumpanga mutu kwa asili yake. Watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, maelfu kwa maelfu wakalala kwenye stasio wakingoja treni, na kati yao kulikuwa wazee waliokula pansiyo ya Gécamines, waliozaliwa hapa, waliopelekwa «kwao» ambako hakuna aliyewajua. Wengine hawakufika. Hiyo si hesabu ya kabila moja juu ya lingine, kila mmoja wetu anajua namna ilivyopita katika barabara yake. Lakini swali la biro na swali la stasio lilikuwa ni moja.

Miaka kumi nyuma ya pale, katika 2003, Gécamines ilitoa kazini watu 10.655 kwa ile tuliyoita «départ volontaire», na Banque Mondiale ikatoa feza. Ni kwa hiari kwa jina: mishahara ilikuwa haijalipwa kwa miezi mingi. Pamoja na kazi walipoteza lopitali na masomo ya watoto. Wazee wa kampu wakawa wazee wa mji wote, na vituo vya afya vya komini, masista na mapasta wakajikuta mbele ya watu ambao hawakuwazoea.

Na hapa mila zenyewe zina neno la kusema, kwa sababu mara mingi tunafikiri mila ni kila mutu na jamaa yake. Kwa Wabemba na majirani zao kuna utani wa ukoo na ukoo, wenyewe wanasema bunungwe. Mutu wa ukoo wa utani, si ndugu, ndiye anayefanya kazi ya mazishi, na ndiye mwenye ruhusa ya kusema maneno makali ambayo ndugu hawezi kusema. Maana yake wazee wetu walijua kwamba kazi fulani inafanywa vizuri zaidi na mutu wa inje. Vilevile wanajua mipaka: katika kabila zetu mingi mama-mkwe na mkwe wanaepukana. Niliambiwa habari ya mama mmoja aliyekataa kuogeshwa katika nyumba ya wazee, wakamwandika kuwa ana kichwa kigumu. Kijana aliyemwogesha alikuwa rika ya bwana wa binti yake. Hakuna aliyemuuliza. Na mzee wa Kimbanguisti anayesukuma sahani yenye nyama ya nguruwe, ao Mulunda anayetaka bukari ya mihogo, wanaandikwa vilevile.

Katiba ya 2006 inasema katika kifungu cha 49 kwamba mutu wa umri mkubwa ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee kulingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya roho. Kifungu cha kwanza kinataja Kiswahili kati ya luga nne za taifa. Ukiunganisha vifungu hivi viwili, kazi iliyo mbele haiombi feza mingi kutoka Ulaya. Karatasi ya pansiyo isomwe na ielezwe kwa Kiswahili mbele ya dirisha, si kutupiwa mzee kwa Kifaransa. Mstari wa asili uondolewe, uandikwe pahali alipozaliwa na pahali anapokaa. Majirani na wazee wa avenue wakubaliwe kuwa washuhuda wa ndoa ya mama mjane. Katika komite za nyumba za wazee akae mama mjane, akae mzee wa kazi za nyumbani, si wakubwa wa vyama vya kabila peke yao. Tangu 2015 Katanga ya zamani imekuwa majimbo manne, na mzee aliyefanya kazi Kolwezi akazeekea Lubumbashi anatumwa tena huku na kule, safari hii kwa sababu ya Lualaba na Haut-Katanga.

Jirani yetu amekufa. Kilio kilifanyika nyumbani kwake, Kenya. Watu wa Kasai walileta makaa, mama mmoja Mubemba alipika siku zote tatu, na waliobeba sanduku walikuwa vijana wa avenue, ambao wengine sijui asili yao. Dosie yake haijarudi.