Barakoa Inamkinga Nani?



Muhula uliopita msichana mmoja wa kidato cha pili aliingia darasani mwangu akiwa amefunika pua na mdomo kwa barakoa ya buluu. Alikuwa na kikohozi, na mama yake alikuwa amemwagiza asiwaambukize wenzake. Kabla sijamaliza kuandika tarehe ubaoni, alikuwa amebaki peke yake kwenye benchi. Mvulana mmoja aliyekuwa akikohoa tangu Jumatatu, tena bila kitu chochote usoni, alikaa kwa raha katikati ya marafiki zake. Nami sijitoi lawamani: nilipokusanya madaftari nilinyoosha mkono kutoka mbali kwa yule wa barakoa, lakini kwa yule mvulana nilisimama karibu kabisa. Kesho yake msichana alikuja uso wazi, akikohoa vilevile.

Jambo hilo limenisumbua. Imekuwaje aliyetujali tumkimbie, na asiyetujali tukae naye? Nakuomba tuandamane katika historia kidogo, maana swali hili wameliuliza watu wengi kabla yetu.

Tuanze na neno, kwa kuwa somo letu ni lugha. Barakoa ni neno la pwani lenye asili ya Kiarabu. Zamani lilitaja kifuniko cha uso walichovaa wanawake wa jamaa za heshima huko Unguja na Omani, kikiacha macho yaonekane. Halikuhusiana na maradhi hata kidogo. Lilihusu sitara na hadhi. Sisi wa bara wengi wetu hatukulifahamu mpaka mwaka 2020, janga la korona lilipozuka na watangazaji wakahitaji neno. Wakaliokota hilo, likaenea. Ni jambo la kufurahisha kwamba lugha yetu haikuona haja ya kuazima tena. Ilifungua sanduku la bibi.

Barakoa ya tabibu nayo ina asili yake. Mwaka 1897, katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Polandi, daktari mpasuaji Johannes Mikulicz alianza kufanya upasuaji akiwa amefunika mdomo kwa kitambaa cha shashi. Wakati huohuo, katika mji huohuo, Carl Flügge alikuwa akionyesha kwamba mtu anapozungumza hurusha matone madogo ya mate yenye vijidudu. Zingatia hapa, msomaji: kitambaa kile hakikuwekwa ili kumkinga daktari. Kiliwekwa ili pumzi ya daktari isichafue kidonda cha mgonjwa.

Aliyeitoa barakoa chumba cha upasuaji na kuipeleka barabarani alikuwa Wu Lien-teh, daktari kijana mzaliwa wa Penang, aliyesomea Cambridge. Mwezi Desemba 1910 serikali ya China ilimtuma Harbin, kaskazini mwa Manchuria, ambako watu walikuwa wakikohoa damu na kufa ndani ya siku chache. Madaktari wengi wa wakati huo waliamini kwamba tauni huletwa na viroboto wa panya. Wu alipasua maiti ya mwanamke mmoja, akachunguza viungo vyake, akahitimisha kwamba tauni hii ilikuwa ya mapafu: ilitoka mtu hadi mtu kwa njia ya hewa. Akashona barakoa za shashi na pamba, zilizofungwa kisogoni, akawaagiza madaktari, wauguzi na wabeba maiti wazivae.

Mfaransa mmoja, daktari Gérald Mesny, mkubwa kwa umri na mwenye sifa, alimdharau. Angefundishwaje na Mchina kijana? Alikwenda kuwatazama wagonjwa katika hospitali ya Warusi bila barakoa, na siku chache baadaye, mwezi Januari 1911, akafa kwa tauni hiyohiyo. Habari ilipoenea, watu wa Harbin walianza kujifunika nyuso hata mitaani. Ugonjwa ulizimwa kabla ya Aprili, baada ya kuua watu wapatao 60,000. Barakoa haikuuzima peke yake. Palikuwa na karantini, treni zilisimamishwa, na maiti zaidi ya 2,000 zilichomwa moto kwa idhini ya mfalme, jambo lililokuwa chukizo katika mila za Wachina. Hata hivyo, tangu hapo barakoa katika China ilikuwa na maana mpya: alama ya elimu, wala si ya aibu.

Miaka minane baadaye, homa kuu ya mafua ilipozunguka dunia, mji wa San Francisco nchini Marekani ulichukua njia nyingine. Tangu tarehe 1 Novemba 1918 kila mtu alilazimishwa kuvaa barakoa hadharani. Vita Kuu ilikuwa bado inaendelea, hivyo asiyevaa alihesabiwa mtoro, kana kwamba amewakimbia askari vitani. Polisi walikamata watu, mahakama zikatoza faini na hata kufunga. Meya mwenyewe alinaswa akitazama ndondi bila barakoa, naye akalipa. Tarehe 21 Novemba, saa sita mchana, ving'ora vililia kutangaza kwamba amri imeondolewa, na watu wakazing'oa barakoa zao palepale, wakazitupa barabarani kwa shangwe. Ugonjwa uliporudi na amri ikarudishwa Januari, wananchi waliunda chama cha kuipinga, nayo ikafutwa tarehe 1 Februari 1919. Kilichovaliwa kwa kumwogopa polisi kilivuliwa polisi alipogeuka.

Japani ilipigwa na mafua hayohayo. Idara ya afya ilibandika mabango yenye picha za rangi, yakiwahimiza watu kuvaa barakoa katika treni na mikusanyiko. Mabango yalionya na kushawishi; barakoa ziliuzwa madukani kama bidhaa nyingine. Mazoea hayo hayakufa. Kuanzia miaka ya 1960 Wajapani wengi walianza kusumbuliwa na chavua ya mierezi iliyopandwa kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili, na barakoa ikapata kazi nyingine kila majira ya kuchipua. Huko mtu mwenye mafua akivaa barakoa ofisini huonekana mwenye adabu. Nisikudanganye lakini kwamba wote huvaa kwa upendo: wengine huvaa kwa baridi, wengine kuficha uso usiopambwa, na wengine kwa sababu jirani amevaa. Wakati wa korona serikali yao haikumtoza mtu faini kwa kutovaa. Tarehe 13 Machi 2023 ilipotangaza kwamba uamuzi ni wa kila mmoja, wengi waliendelea nazo.

Sasa turudi kwetu Uganda. Kabla ya korona, mahali ambapo wengi wetu tulikuwa tumeona barakoa ni hospitalini, kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Mgonjwa alipewa ili asiwaambukize wengine, lakini macho ya watu yalisoma mengine: huyu ana kifua kikuu, na mwenye kifua kikuu, wakanong'ona, bila shaka ana Ukimwi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, ila hawakusema mtu afanye nini pale ambapo kutoficha kunamfanya akimbiwe. Kisha ikaja 2020. Shule zilifungwa mwezi Machi, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Katikati yake barakoa iliamriwa, na sisi tukawa watu wa San Francisco: tuliivaa kidevuni, tukaipandisha tulipoona kizuizi cha polisi, tukaishusha tulipovuka. Amri ilipolegea, barakoa ilirudi kuwa ile ya wodi ya kifua kikuu. Hakuna aliyetueleza kwa kina, nami mwalimu nikiwamo, kwamba kitambaa kile tangu Breslau kilikuwa kwa ajili ya mtu aliye mbele yako.

Wiki mbili zilizopita nilishikwa na mafua. Nilinunua pakiti moja ya barakoa, nikavaa moja, nikaiacha pakiti juu ya meza yangu darasani.

"Mwalimu, unaumwa TB?" aliuliza mvulana wa benchi la mbele.

"Ni mafua," nikajibu. "Sitaki uyapeleke nyumbani kwa bibi yako."

Wengine walicheka. Wawili walisogeza madaftari yao nyuma kidogo. Kipindi kilipokwisha nilihesabu pakiti: zilikuwa zimepungua mbili, na sikuona ni nani aliyezichukua.