Rovu na shinikizo la damu

Rovu (pia goita) ni uvimbe wa shingo unaotokana na kukua kwa tezi dundumio, iliyo mbele ya koromeo. Sababu yake kuu duniani ni upungufu wa madini joto (iodini). Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 150 kwa siku. Maeneo yaliyo mbali na bahari, kama mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, hutegemea zaidi chumvi iliyotiwa madini hayo. Muhogo usioandaliwa vizuri huongeza hatari, kwa kuwa huzuia tezi kutumia iodini.

Athari kwa shinikizo la damu. Ukubwa wa uvimbe pekee hauamui shinikizo. Kinachoamua ni kazi ya tezi. Homoni zikizidi, moyo huenda mbio na shinikizo la juu hupanda. Zikipungua, mishipa hukaza na shinikizo la chini hupanda. Mara chache, uvimbe wa aina nyingine huota penye mgawanyiko wa ateri ya shingo, palipo na vihisio vya shinikizo, na huweza kulivuruga.

Kinga. Tanzania ilianza kulazimisha utiaji wa iodini katika chumvi miaka ya 1990. Uvinza, kaskazini magharibi mwa mji wa Mpanda mkoani Katavi, ni chimbuko la kale la chumvi. Hata hivyo, chumvi nyingi hupandisha shinikizo: Shirika la Afya Duniani hushauri isifike gramu 5 kwa siku.