Sonona Wakati wa Ujauzito na Baada ya Kujifungua: Mambo Yanayochangia

Sonona ni ugonjwa unaomwondolea mtu furaha, nguvu na hamu ya shughuli zake za kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Kwa mwanamke, ugonjwa huu unaweza kuanza akiwa mjamzito au katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), takribani asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya wanawake waliojifungua karibuni hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea, viwango hivyo hufikia asilimia 15.6 na asilimia 19.8.

Sonona si ile huzuni ya siku za mwanzo, ambapo mzazi hulia upesi na kubadilika hisia. Hali hiyo huwapata wazazi wengi na huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Ikizidi muda huo, mzazi anahitaji kuonwa na mtoa huduma.

Mambo ya kimwili

Baada ya kujifungua, homoni za estrojeni na projesteroni hushuka ghafla. Mabadiliko hayo, pamoja na upungufu wa damu, maumivu na kukosa usingizi, humdhoofisha mzazi. Aliye katika hatari kubwa zaidi ni yule aliyewahi kuugua sonona, hususan katika ujauzito huo huo. Hatari huongezeka pia kwa aliyepoteza mimba au mtoto, aliyepata matatizo wakati wa uchungu, au aliyejifungua mtoto njiti au mgonjwa.

Mambo ya kijamii

Homoni hubadilika kwa kila mzazi, lakini si kila mzazi huugua. Mara nyingi tofauti hutokana na mazingira anayoishi. Umaskini, mimba isiyotarajiwa, umri mdogo, kutelekezwa na mwenza, na kukosa msaada wa ndugu ni miongoni mwa vichocheo vikuu. Ukatili wa mwenza, uwe wa kipigo, matusi au kunyimwa matumizi, huongeza hatari kwa kiwango kikubwa.

Mapumziko nayo hayalingani. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mkulima na muuza mboga hawana likizo hiyo; mapumziko yao hutegemea hiari ya familia.

Kinyume chake, mwenza mwenye upendo, elimu, kipato cha uhakika na ndugu wa karibu humkinga mzazi.

Kwa nini ugonjwa hufichika

Uchovu, kukosa usingizi na kupoteza hamu ya kula huchukuliwa kuwa mambo ya kawaida ya uzazi. Wageni huja kumpongeza mama na kumwona mtoto. Mama huulizwa juu ya maziwa na kidonda, lakini si juu ya moyo wake. Naye hunyamaza, akiogopa kuitwa mama asiyempenda mwanawe.

Utambuzi na tiba

Watoa huduma katika nchi nyingi hutumia dodoso la Edinburgh, lililochapishwa mwaka 1987, lenye maswali 10 kuhusu hali ya mzazi katika siku 7 zilizopita. Tiba huanza kwa ushauri nasaha, na daktari huweza kuongeza dawa zinazofaa kwa mjamzito au anayenyonyesha.

Tiba hiyo haihitaji mtaalamu bingwa pekee. Katika utafiti uliofanyika vijijini nchini Pakistan na kuchapishwa mwaka 2008, wahudumu wa afya wa jamii waliopewa mafunzo waliwatembelea nyumbani kina mama wenye sonona. Baada ya miezi 6, waliobaki na ugonjwa walikuwa asilimia 23, ikilinganishwa na asilimia 53 kwa wale waliotembelewa kwa njia ya kawaida.

Wajibu wa familia

Mwenza na ndugu wanahimizwa kumpa mzazi nafasi ya kulala, kumsaidia kazi, kumsindikiza kliniki na kumsikiliza bila kumlaumu. Mzazi anayezungumzia kujidhuru au kumdhuru mtoto, anayeona au kusikia visivyokuwepo, au aliyechanganyikiwa asiachwe peke yake. Afikishwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu.