Leptis Magna: Mji Uliojengwa kwa Mafuta ya Zeituni

Mwaka 46 KK, baada ya kuwashinda mahasimu wake huko Afrika Kaskazini, Julius Caesar aliutoza faini mji wa Leptis kwa kosa la kuwaunga mkono. Hakudai dhahabu wala watumwa. Alidai ratili milioni tatu za mafuta ya zeituni kila mwaka, sawa na takriban lita milioni moja kwa vipimo vya leo. Mji wa kutozwa faini kama hiyo ulikuwa tayari na mashamba makubwa, vinu vya kukamua, bandari na matajiri wake, na vyote hivyo vilikuwepo kabla Rumi haijajenga chochote pale.

Magofu yake, Leptis Magna, yako pwani ya Libya, kiasi cha kilomita 130 mashariki ya Tripoli, jirani na mji wa Al Khums. Huitwa magofu ya Kirumi, na kwa macho ndivyo yalivyo: matao, mabafu, barabara za mawe, nguzo za marumaru. Jina hilo limezoeleka kiasi kwamba wenye mji wamesahaulika. Mji ulianzishwa na wafanyabiashara Wafoinike karne nyingi kabla ya Kristo, wakachanganyika na Walibya wa bara, na kwa muda mrefu lugha yake ya mjini ilikuwa Kipuniki, lugha ya Karthage.

Ushahidi umechongwa kwenye majengo yenyewe. Ukumbi wa maigizo, ambao viti vyake vya mawe vinapanda kilimani huku bahari ikionekana nyuma ya jukwaa, ulijengwa mwaka 1 au 2 BK kwa fedha za mwenyeji mmoja, Annobal Tapapius Rufus. Annobal ni jina lile lile la Hannibal, jemadari wa Karthage aliyeitetemesha Rumi karne mbili kabla. Maandishi ya ufadhili yako kwa lugha mbili, Kilatini na Kipuniki, ili kila mpita njia amjue aliyetoa fedha. Chini ya ukumbi huo kulikuwa na makaburi ya kale ya Wapuniki, na juu ya viti kulikuwa na hekalu dogo. Annobal huyo huyo ndiye aliyekuwa amejenga soko mwaka 8 KK.

Katika soko hilo limepatikana jiwe ambalo kwangu lina thamani kuliko matao yote. Juu yake vimechongwa vipimo vitatu tofauti vya urefu, vikiwemo dhiraa ya Kipuniki na futi ya Kirumi. Mnunuzi aliyekuja kununua nguo au mbao aliweza kupimiwa kwa kipimo anachokijua. Yaani serikali ya mji haikufuta vipimo vya wazee wake kwa sababu mtawala amebadilika. Iliviweka pamoja kwenye jiwe moja, biashara ikaendelea.

Katika mji huo, mwaka 145 au 146 BK, alizaliwa Septimius Severus, aliyekuja kuwa mtawala wa Rumi kuanzia 193 hadi alipofariki mjini York, Uingereza, mwaka 211. Mwandishi mmoja wa kale anasimulia kwamba dada yake alipomtembelea Rumi, Kilatini chake kilikuwa kibovu kiasi cha kumwaibisha ndugu yake, akapewa zawadi na kurudishwa kwao. Wanahistoria hawamwamini sana mwandishi huyo. Hata hivyo hadithi yake isingekuwa na maana kwa wasomaji wa wakati ule kama isingejulikana kwamba familia ya mtawala ilitoka mahali penye lugha yake.

Severus aliukumbuka mji wake. Alileta marumaru kutoka Ugiriki na Asia Ndogo, na nguzo za mawe mekundu kutoka Aswan, Misri. Akajenga uwanja mpya wa mikutano na jengo kubwa la mahakama, ambalo mwanawe Caracalla alilikamilisha mwaka 216. Nguzo za pembeni mwa jengo hilo zimechongwa Dionysus na Hercules, miungu yenye sura na majina ya kigeni, lakini wenyeji waliwatambua kuwa ni walinzi wa mji wao wa tangu zama za Kipuniki. Severus aliuondolea mji kodi ya ardhi, nao kwa shukrani ukaanza kuipelekea Rumi mafuta bure. Hiari ikageuka wajibu, na karne moja baadaye ndipo Konstantino alipoufuta mzigo huo.

Bandari aliyoipanua Severus ilijaa mchanga na tope. Mawe ya kufungia kamba za meli hayana dalili nyingi za msuguano, ishara kwamba hayakutumika sana. Katika karne ya nne yakafuata mashambulizi ya makabila ya jangwani, na baadaye Wavandali. Waarabu walipofika karne ya saba, mji ulikuwa umepungua sana, na mchanga ukaendelea kuufunika.

Waliokuja kuufukua kwanza hawakuwa wanahistoria. Mwishoni mwa karne ya 17 konseli wa Ufaransa mjini Tripoli, Claude Lemaire, alisafirisha mamia ya nguzo kwa Mfalme Louis wa 14, na nyingine zikaishia Versailles. Mwaka 1816 konseli wa Uingereza, Hanmer Warrington, akapata ruhusa ya mtawala wa Tripoli, Pasha Yusuf Karamanli, kuchukua nguzo nyingine. Wenyeji walipinga, kwa sababu mawe yale waliyatumia kwa ujenzi na kwa kusagia. Nguzo zikapelekwa London, zikakaa miaka kadhaa kwenye jumba la makumbusho, kisha zikasimamishwa Virginia Water, karibu na Windsor, zifanane na gofu la kupendezesha bustani ya Mfalme George wa Nne. Ziko huko hadi leo. Wapo Walibya wanaodai zirudishwe, na naona madai yao ni ya haki. Pasha alitoa zawadi mali ambayo raia wake hawakutaka iondoke.

Waitaliano, walioivamia Libya mwaka 1911, walifukua sehemu kubwa ya mji kuanzia miaka ya 1920. Kazi yao ilikuwa ya kitaalamu, lakini utawala wa Mussolini uliitumia kudai kwamba Rumi imerudi nyumbani kwake, wakati huo huo maelfu ya Walibya wakifa katika kambi za jangwani. Hapo ndipo jina la magofu ya Kirumi linapoacha kuwa jambo dogo.

Mwaka 1982 UNESCO iliutambua mji huu kuwa urithi wa dunia. Vita vilipozuka 2011, wakazi wa jirani walijitolea kuulinda, na kwa sehemu kubwa ulisalimika. Mwaka 2016 maeneo yote matano ya Libya yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mji wa kale wa Ghadames ulitolewa mwaka 2025, baada ya majengo yake na mifereji ya maji kukarabatiwa. Leptis bado imo, na maadui zake wa sasa ni mawimbi yanayoila pwani na mafuriko ya bonde la Lebda, lile lile ambalo wenyeji wa kale walijenga ukuta kuligeuza mkondo.